Mnyama Akijeruhiwa Mtaani: Namna ya Kudai, Kujibu na Kupatana Mjini Lamu

Mjini Lamu nyumba hutumia ukuta mmoja, na daka la mtu, yaani kibaraza cha mlangoni, hutazama mlango wa mwenzake ng'ambo ya kichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo hawapishani kwa urahisi. Paka akimwagiwa maji ya moto kwa sababu ya kipande cha samaki, au punda akigongwa na pikipiki akiwa amebeba mchanga, mwenye mnyama na yule anayetuhumiwa wataonana tena kabla ya magharibi, wapende wasipende. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wote wawili, kwa kuwa anayetuhumiwa naye ana haki zake, na mara nyingi ndiye asiyejua la kufanya.

Jambo moja ninalolishikilia kuliko yote ni hili: tiba ya mnyama ni jambo moja, na nani mwenye kosa ni jambo jingine. Watu wanapoyachanganya, mnyama hukaa na jeraha siku tatu huku wakubwa wakibishana barazani, jeraha linaoza, gharama inaongezeka, na hatimaye madai yenyewe yanadhoofika, kwa sababu mdai anatakiwa na sheria afanye juhudi za kawaida kupunguza hasara yake. Anayekaa bila kumtibu mnyama kwa kumngoja jirani alipe kwanza anaweza kunyimwa ile sehemu ya gharama iliyotokana na kungoja.

Mtibu kwanza

Kwa punda, Lamu ina bahati ambayo miji mingi haina, kwani shirika la Donkey Sanctuary limekuwa na kituo cha kuwatibu punda hapa tangu 1987. Kwa paka, mbuzi, mbwa na wengineo, mtafute daktari wa mifugo wa kaunti au wa binafsi, na uhakikishe kuwa amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mtu anayechoma sindano mtaani bila usajili huenda akamsaidia mnyama, lakini karatasi yake haitakuwa na uzito ukifika mahakamani.

Ikiwa jeraha limetokana na kuumwa na mbwa, au na mnyama yeyote mwenye tabia isiyo ya kawaida, afya ya watu hutangulia madai yote. Mtu aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende mara moja Hospitali ya King Fahad akaulize kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu dalili za ugonjwa huo zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama, daktari wa mifugo aarifiwe, na mbwa huyo aangaliwe kwa siku 10. Akiuawa na kutupwa baharini, nafasi ya kujua kama alikuwa mgonjwa inapotea, na ushahidi wa kesi unapotea pamoja naye.

Jirani mwenye moyo mwema huogopa kutoa fedha za tiba kwa kuhofia kwamba kutoa ni kukiri kosa. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni nyepesi: anapotuma fedha aandike ujumbe usemao, "Fedha hizi nazitoa kwa ajili ya tiba ya mnyama kwa ajili ya ujirani wetu, na swali la nani mwenye kosa tutalizungumza baadaye." Mpokeaji ajibu kwamba amepokea kwa masharti hayo. Ujumbe wa namna hiyo, ukiwa pamoja na ule wa M-Pesa, unamlinda mtoaji na unamtibu mnyama.

Ushahidi hupotea upesi

Piga picha za jeraha siku ile ile, kabla halijasafishwa ikiwa kufanya hivyo hakumcheleweshei mnyama tiba, kisha piga picha za mahali lilipotokea tukio: sufuria, jiwe, kamba iliyokatika, lango lililoachwa wazi, alama za matairi. Andika kwa mkono wako tarehe, saa na majina ya waliokuwapo. Mwombe daktari taarifa ya maandishi inayoeleza aina ya jeraha na, kwa maoni yake, sababu yake, kwa kuwa kuungua kwa maji ya moto na kuungua kwa kemikali hakufanani, na jeraha la kamba halifanani na la panga. Hifadhi kila stakabadhi, hata ya nauli ya boti ikiwa ulilazimika kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, kwa ajili ya matibabu. Mahakama za Kenya hushikilia kwamba gharama halisi zitajwe moja moja katika madai na zithibitishwe, na kumwambia hakimu "nilitumia kama elfu kumi hivi" hakusaidii.

Sumu inahitaji uangalifu zaidi. Ukidhani mnyama amelishwa sumu, usimzike kabla daktari wa mifugo hajamwona na kuchukua sampuli. Maabara ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo iliyo karibu na pwani yetu iko Mariakani, na ni daktari huyo atakayekueleza jinsi ya kuhifadhi na kupeleka sampuli. Pasipo uchunguzi, utabaki na maiti ya paka na dhana, na dhana haitoshi kumtoza mtu.

Jiandae pia kuthibitisha kuwa mnyama ni wako. Punda huwa na mwenyewe anayejulikana mtaa mzima, lakini paka wa Lamu huzunguka, na mmoja anaweza kulishwa na nyumba nne. Kadi ya chanjo, picha za zamani na ushahidi wa majirani vitasaidia. Asiyeweza kuthibitisha umiliki hawezi kudai fidia, ingawa bado anaweza kuripoti ukatili, kwa sababu ukatili dhidi ya mnyama ni kosa la jinai, awe na mwenyewe au asiwe naye.

Jizuie kutangaza. Kumwita jirani muuaji katika kundi la WhatsApp la mtaa kabla ya jambo kuthibitishwa kunaweza kukugeuza wewe mdai kuwa mdaiwa katika kesi ya kashfa, yaani ya kumchafulia mtu jina, na nimeona watu wenye madai ya haki kabisa wakilazimika kuomba radhi wao kwanza kabla ya mnyama wao kuzungumzwa. Vile vile, usimkamate na kumfungia punda wa jirani kama rehani ya deni, wala usichukue sogi (mfuko wa mizigo wa punda) au kitu chake chochote.

Nani anawajibika

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuamini kwamba mnyama akiumia lazima pawe na mtu wa kulipa. Sheria haiko hivyo. Kwa sehemu kubwa suala hili Kenya linatawaliwa na kanuni zilizorithiwa kutoka Uingereza, ambazo Sura ya 8 ya Sheria za Kenya (Judicature Act) inaruhusu zitumike kadiri hali za nchi na za watu wake zinavyoruhusu. Tahadhari moja kwa wanaosoma intaneti: Uingereza walibadilisha kanuni zao kuhusu wanyama kwa sheria ya 1971, na sheria hiyo haitumiki kwetu, kwa hiyo ushauri wa kurasa za kule unaweza kukupotosha.

Hali iliyo wazi zaidi ni ya kukusudia. Anayemwagia paka maji ya moto, anayempiga punda kwa nondo, au anayetega chakula chenye sumu, anawajibika kwa mwenye mnyama kulipa hasara, na zaidi ya hapo anaweza kushtakiwa. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inaadhibu kosa la ukatili kwa faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Faini hiyo ni ndogo mno kwa kiumbe aliyeteswa, na nadhani Bunge lingepaswa kuitazama upya, lakini kifungo kipo. Kanuni ya Adhabu nayo, katika kifungu cha 338, inakataza kuua, kulemaza au kujeruhi kwa makusudi na kinyume cha sheria mnyama anayeweza kuibwa, na paka au mbwa wa kufugwa mwenye mmiliki anaingia humo.

Je, jirani hana haki ya kumfukuza paka anayeiba samaki wake? Anayo. Anaweza kumkemea, kumrushia maji baridi, kufunga dirisha, kufunika chombo. Asichoweza ni kutumia nguvu iliyopita kiasi cha kulinda mali yake, na maji yanayochemka juu ya mgongo wa paka kwa ajili ya kipande cha nguru yamepita kiasi.

Hali ya pili ni uzembe, nayo ndiyo iliyo nyingi na yenye ubishi. Mdai anapaswa kuonyesha kwamba jirani alitakiwa kuchukua tahadhari, kwamba hakuichukua, na kwamba madhara yametokana na kutoichukua huko. Fundi anayeacha shimo wazi usiku katika njia ya punda, mwenye nyumba anayeacha vyuma vyenye ncha vikichomoza kichochoroni, na mwendesha bodaboda anayekimbia penye watu na wanyama, wote wanaweza kuwa wazembe. Kwa upande wa bodaboda ipo sheria mahususi. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamtaka dereva aliyehusika katika ajali iliyomjeruhi mnyama, na punda yumo, asimame, atoe jina na anwani yake akitakiwa, na inapohitajika aripoti polisi mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Aliyemgonga punda akakimbia ameongeza kosa juu ya kosa. Ikiwa pikipiki ni ya mtu mwingine na mwendeshaji alikuwa katika kazi ya mwenye pikipiki, wote wawili wanaweza kudaiwa.

Hali ya tatu ni ya mnyama kumjeruhi mnyama mwenzake, na hapa kanuni inawashangaza watu. Mwenye mbwa hawajibiki kwa sababu tu mbwa wake ameuma. Mdai anatakiwa athibitishe ama kwamba mwenye mbwa alijua kuwa mbwa huyo ana ukali wa namna hiyo, ama kwamba alizembea katika kumdhibiti. Ndiyo maana malalamiko ya mwanzo yana thamani kubwa. Ikiwa mbwa wa ulinzi alikwisha kumfukuza mbuzi wako mwezi uliopita, mwarifu mwenyewe kwa maandishi, kwa adabu, hata kama hakuna aliyeumia. Siku mbwa huyo atakapouma, hataweza kusema hakujua. Na wewe uliyepokea taarifa ya namna hiyo, usiipuuze: rekebisha uzio na umfunge mbwa, kwa sababu kuanzia hapo dhima yako imebadilika.

Mtoto akirusha jiwe likamvunja paka mguu, baba na mama hawawajibiki moja kwa moja kwa kuwa tu ni wazazi. Watawajibika ikiwa wao wenyewe walizembea kumsimamia, kwa mfano walikwisha kuambiwa kwamba mtoto huwapiga wanyama mawe wakanyamaza. Hata hivyo mzazi wa Lamu anayejistahi hangojei sheria imwambie aende kumjulia hali mnyama wa jirani, na kwenda huko humaliza kesi nyingi.

Baada ya yote hayo mwenye mnyama ajitazame. Aliyemwachia punda wake usiku azurure njiani, au aliyemruhusu mbwa wake aingie katika ua wa watu, anaweza kuonekana amechangia madhara, na fidia yake ikapunguzwa kwa kiasi cha mchango wake. Maafa mengine hayana mkosaji, kama punda kuteleza kwenye ngazi zenye umande, na hapo hakuna wa kudaiwa.

Kiasi cha kudai

Sheria humhesabu mnyama kuwa mali. Unachoweza kudai ni gharama za tiba zilizo za busara, thamani ya mnyama ikiwa amekufa, na kwa punda wa kazi, kipato kilichopotea alipokuwa hawezi kubeba, ukiweza kukionyesha kwa kumbukumbu. Uchungu wa moyo wa kumpoteza paka aliyelelewa miaka kumi kwa kawaida haulipwi. Linauma, na mtu anapaswa kulijua kabla ya kuanza safari ya mahakama, ili asiifuate kwa matumaini yasiyokuwapo.

Kuzungumza na kuandika

Anza kwa barua fupi, isiyo na matusi wala vitisho. Mfano:

"Bwana jirani, asalaam alaykum. Jumanne asubuhi paka wangu alimwagiwa maji ya moto katika uchochoro ulio nyuma ya jiko lako. Daktari wa mifugo amemwona na kuandika kuwa ameungua mgongoni na ubavuni. Tiba mpaka leo imegharimu shilingi 6,500, na nakala za stakabadhi nimeziambatisha. Kwa maelezo ya walioona, tendo hilo lilifanywa na mtu wa nyumbani kwako. Naomba tukutane mbele ya mzee wa mtaa ndani ya siku 14 ili tulizungumze. Tusipokutana, nitalazimika kuyapeleka madai yangu mahakamani."

Anayepokea barua hii asiitupe wala asijibu kwa hasira siku ile ile. Ajibu kwa maandishi, aseme anachokijua na asichokijua, aombe kuona taarifa ya daktari, na akubali kikao hata kama anakana kosa. Kukubali kikao si kukubali dhima.

Kikao kinaweza kusimamiwa na mzee wa mtaa, imamu, chifu au mtu yeyote ambaye pande zote mbili zinamwamini. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inataka upatanisho na njia za jadi za kusuluhisha migogoro zikuzwe, mradi zisikiuke haki za watu. Lakini mipaka ijulikane. Chifu hana mamlaka ya kumtoza mtu fidia kama hakimu. Mahakama ya Kadhi nayo haiwezi kusikiliza dai la paka au punda, kwa kuwa kifungu cha 170 kimeipa masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Sheikh anaweza kupatanisha kama mzee anayeheshimiwa, na mapatano yake yatakuwa na nguvu kwa sababu pande zimekubali na kutia saini.

Kwa wasuluhishi wetu kuna hukumu inayofaa kukumbukwa, ya Nabii Daudi na Nabii Suleiman iliyotajwa katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, kuhusu kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Wafasiri wameeleza kwamba Suleiman hakutaka mwenye kondoo apoteze kondoo wake moja kwa moja. Alitaka mwenye shamba anufaike nao kwa muda, huku mwenye kondoo akilihudumia shamba mpaka lirudi lilivyokuwa. Mwelekeo huo wa kurudisha hali badala ya kumfilisi mtu unawezekana hapa petu: jirani asiye na fedha taslimu anaweza kumwazima mwenzake punda wake wa kazi mpaka aliyeumia apone, au kulipa kidogo kidogo kila mwisho wa wiki.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi itaje majina kamili na namba za vitambulisho, tarehe na maelezo mafupi ya tukio, kiasi kitakacholipwa na tarehe za malipo, nani atagharimia tiba ikiwa hali ya mnyama itakuwa mbaya zaidi baadaye, na kama malipo hayo yanamaliza madai yote. Hilo la tiba ya baadaye husahaulika sana, na ndilo linalofufua ugomvi. Watie saini wahusika na mashahidi wawili, na kila upande ubaki na nakala. Maneno ya "tumesameheana" bila karatasi ni mazuri kwa Mungu, lakini hayamsaidii hakimu.

Ikishindikana

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 imeweka njia nyepesi, na hasara juu ya mali iliyosababishwa na kosa la mtu imo katika mamlaka yake. Unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, Kiswahili kinaruhusiwa, kanuni kali za ushahidi hazikazwi, na shauri linatakiwa limalizike ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Rufaa huruhusiwa kwa hoja za sheria tu. Nenda katika sajili ya Mahakama ya Lamu, mjini, ukaulize shauri lako liwasilishwe mbele ya mahakama ipi, kwani Mahakama ya Hakimu nayo ina mamlaka juu ya madai ya namna hii. Tangu Machi 2024 mashauri nchini huwasilishwa kwa njia ya kielektroniki, na asiye na kompyuta aombe msaada sajilini.

Usichelewe. Dai la uzembe au la madhara ya makusudi lazima lifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu tukio, na la kashfa, kwa aliyechafuliwa jina, ndani ya miezi 12. Pima pia kama dai lina faida: kwa shilingi 2,000 za bandeji na dawa, ada na siku za kazi utakazopoteza zinaweza kuzidi unachokidai, na hapo kikao cha pili mbele ya mzee mwingine kina busara zaidi.

Ikiwa kuna ukatili wa makusudi, sumu, au dereva aliyekimbia, ripoti kituo cha polisi bila kungoja matokeo ya kikao, na uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kumwamuru alipe fidia katika kesi hiyo hiyo ya jinai. Fahamu tu kwamba kesi ya jinai ni ya Serikali, si yako. Mkipatana baadaye, pelekeni nakala ya makubaliano yenu kituoni, au kwa mwendesha mashtaka ikiwa kesi imeshafika kortini, na muombe yazingatiwe. Kuondolewa kwa mashtaka kunahitaji ridhaa ya mahakama, kwa hiyo anayelipa fidia asiandikiwe ahadi kwamba kesi itafutwa. Aandikiwe kwamba mlalamikaji hatapinga ikifutwa.